Udongo wa Kutia katika Viriba vya Miche ya Miti

Kila mwaka, mvua za kwanza zikaribiapo, watu wengi wa Shinyanga na Geita hujaza udongo katika viriba na makopo ili kukuza miche ya miembe, miarobaini, mijohoro na mikwaju. Kila mwaka pia wengi huona miche yao ikikauka, nao husema, “Mbegu zilikuwa mbovu,” au, “Jua limezidi.” Huenda ikawa hivyo. Walakini mara nyingi kosa halikuwa katika mbegu wala katika jua, bali katika udongo uliotiwa ndani ya kiriba. Kwa hiyo leo nataka kueleza habari ya udongo huo, na habari ya vitu vya madini vinavyoongezwa ndani yake, vipi vyafaa na vipi ni sumu.

Nitaanza kwa kuungama kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwamo. Katika kijiji kimoja cha upande wa machimbo ya dhahabu watu walipenda kupanda miti kuizunguka shule. Mimi nilikuwa karani wa kuandika hesabu ya viriba. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali, na karibu palikuwa na chungu kubwa ya mchanga mwembamba, wa rangi ya kijivu, uliosagwa na makarasha ya wachimbaji. Ulikuwa laini, hauna mawe, wala hauuzwi. Sote tulifurahi. Watoto wa shule waliubeba kwa ndoo, wakauchanganya kwa mikono yao, wakajaza viriba siku mbili nzima. Mimi niliandika hesabu katika daftari, nikaona kazi imekwenda vizuri.

Haukupita muda mrefu majani yakaanza kugeuka rangi ya manjano. Kabla ya mwezi wa tatu zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekufa. Mwalimu akaniuliza, “Bwana Karani, maji tumetia, samadi tumetia, kivuli tumeweka. Kosa letu ni nini?” Nilikosa jibu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa mchimbaji katika ujana wake akasema, “Mwalimu, mchanga ule umekwisha kunywa zebaki. Hata mbuzi wangu siwaachi walale juu yake. Ninyi mmewapa watoto wauchezee?” Neno lile lilinichoma moyo kuliko kufa kwa miche. Habari za mchanga huo nitazirudia hapa mbele, maana ndilo jambo kubwa la maneno yangu. Kwanza yatupasa kujua udongo wa kiriba ni kitu gani.

KIRIBA SI SHAMBA

Watu wengi hudhani kwamba udongo uliostawisha mahindi shambani utastawisha mche katika kiriba. Sivyo. Shambani udongo unakwenda chini mbali sana, na maji ya mvua hushuka yakavutwa na udongo ulio chini yake. Katika kiriba udongo una kimo cha shubiri moja tu, na chini yake hakuna udongo wa kuyavuta maji. Basi maji hushuka mpaka karibu na kitako cha kiriba, kisha hukaa pale, hata kama kiriba kina matundu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, twaa kipande cha sponji ya godoro la zamani, kiwe kirefu na chembamba. Kiloweshe sana, kisha kishike kikiwa kimelala. Kitachuruzika, halafu kitaacha. Sasa kisimamishe wima. Utaona maji yanaanza kutoka tena. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale, lakini kimo kimezidi. Kiriba ni kama sponji iliyolala: kimo chake ni kidogo, kwa hiyo sehemu ya chini hukaa imelowa.

Katika sehemu ile iliyolowa mizizi haipati hewa. Mizizi huvuta hewa kama sisi; ikikosa, huoza, na mche hunyauka huku udongo umejaa maji. Mwenye kitalu akiona mche umenyauka huongeza maji, naye kumbe anauzamisha.

Wengine hutia kokoto chini ya kopo, wakidhani kwamba zitayaondoa maji. Kokoto hazifanyi hivyo. Maji hayapendi kutoka katika matundu madogo ya udongo na kuingia katika nafasi kubwa za kokoto, mpaka udongo ujae kabisa. Kwa hiyo kokoto huipandisha juu ile sehemu iliyolowa na kuipunguzia mizizi mahali pake. Dawa si kuweka kitu chini ya udongo, bali kuubadili udongo wote, ili uwe na chembe kubwa za kuacha nafasi ya hewa, pamoja na chembe ndogo za kushika maji na chakula cha mti.

UDONGO WA NCHI YETU

Wasukuma walizijua aina za udongo kabla ya wataalamu kuziandika. Juu ya mlima, karibu na mawe makubwa, kuna mchanga. Ukishuka kidogo wapata luseni, udongo mwepesi wenye mchanga mwingi. Chini yake itogolo, ambao una tabaka gumu chini. Kisha ibushi, wenye chokaa ndani yake. Na mwisho mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alisafiri katika nchi yetu, akaona kwamba aina hizo zafuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo. Akaiita hali hiyo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na hata leo wataalamu wa udongo wa dunia nzima hulitumia.

Kila pete ya mnyororo huo ina tabia yake katika kiriba. Luseni hupitisha maji upesi, mizizi hupata hewa, lakini haushiki chakula, na siku ya kupanda ukikata kiriba udongo wote humwagika, mizizi ikabaki uchi. Mbuga hushika chakula kwa wingi, lakini ukilowa huvimba na kunata, na ukikauka hupasuka na kujitenga na ukuta wa kiriba; basi maji unayotia hupita katika ufa na kutoka chini bila kuugusa mzizi. Itogolo mara nyingi huganda kama sakafu.

Udongo mbaya kupita wote ni ule uitwao ibambasi, wenye magadi ndani yake. Waweza kuutambua hivi: tia donge kavu, kubwa kama punje ya mahindi, katika glasi ya maji safi, wala usilikoroge. Liache saa chache. Ikiwa maji yanayolizunguka yamekuwa meupe kama maziwa, basi chembe zake zinaachana zenyewe, na udongo huo utaziba kila tundu la hewa. Shambani udongo wa namna hii hutengenezwa kwa jasi, iliyo na kalsiamu. Kalsiamu huchukua mahali pa sodiamu ya magadi, na maji mengi huiondoa ile sodiamu. Kwa viriba ni rahisi zaidi kuuacha na kutafuta mwingine.

VITU VYA MADINI VIFAAVYO

Kwanza, mchanga. Uwe wa chembe kubwa, zinazokwaruza kidole. Mchanga mwembamba kama unga haufai, maana hujaza nafasi badala ya kuzifungua. Tena jihadharini: mchanga kidogo katika mfinyanzi mwingi hauleti nafuu. Fundi wa matofali huchanganya hivyo hivyo, naye hapati udongo mwepesi, hupata tofali. Mchanga ukitakiwa kuufungua mfinyanzi, sharti uwe mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe.

Pili, chengachenga za matofali ya kuchoma. Katika nchi zenye milima ya moto, watu hutumia jiwe jepesi lenye matundu, linaloelea majini. Nasi Tanzania twalo upande wa Rungwe. Wajapani wakuzao miti midogo katika vyungu hutumia punje za udongo mwekundu uliotokana na majivu ya volkano. Sisi tulio mbali na milima hiyo tuna matofali yaliyovunjika. Yaponde, uyachekeche, utupe vumbi lake, ubaki na chenga kubwa kama punje za mtama au mahindi. Chenga hizo zina matundu madogo ndani ya kushika maji, na kati ya chenga na chenga kuna nafasi ya hewa. Wala hazilainiki zikilowa, kwa kuwa moto umekwisha kuzigeuza.

Tatu, udongo wa mbuga wenyewe, ukitiwa kwa kiasi. Mwenye luseni auchukue ukiwa mkavu, aupondeponde na kuuchekecha. Ukiwa umelowa hauchanganyiki. Sehemu moja ya mbuga katika tatu za luseni hushika chakula, na huufanya udongo ushikamane siku ya kupanda. Udongo wa kichuguu pia wafaa kwa kazi hiyo, maana mchwa hukusanya mfinyanzi kutoka chini, na aghalabu una kalsiamu kuliko udongo ulio kando yake.

Nne, majivu na chokaa. Hivi hupunguza uchungu wa udongo, na majivu huongeza potasiamu. Lakini visitiwe bila kupima. Dondosha siki au maji ya ndimu juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa ya kutosha, usiongeze. Ibushi hutoa povu mara nyingi. Chokaa ikizidi, mti hushindwa kupata madini ya chuma yaliyomo udongoni, na majani machanga huwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hata udongo usiotoa povu, konzi moja ya majivu katika debe moja yatosha.

Tano, fosfati ya Minjingu. Mwamba huu wachimbwa karibu na Ziwa Manyara tangu mwaka 1983. Ulitokana na mavi na mifupa ya ndege walioishi kando ya ziwa la kale, nao una fosforasi, chakula cha mizizi. Walakini mwamba huu huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchungu tu. Katika ibushi au mbuga yenye chokaa hukaa vile vile kama ulivyotiwa, nawe umepoteza fedha. Basi siki yako itakuambia pia kama yafaa kuununua.

MCHANGA WA MACHIMBO

Sasa narudi kwenye kosa letu. Mchimbaji mdogo huponda jiwe, hulisaga kwa karasha, kisha huuosha unga wake katika mwalo na kuuchanganya na zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu. Kisha huichoma, zebaki ikapaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Lakini si zebaki yote inayopaa. Nyingine hubaki katika mchanga, na mchanga huo ndio uitwao marudio. Mara nyingi marudio hutiwa tena katika matangi pamoja na sianidi ili kutoa dhahabu iliyosalia. Zaidi ya hayo, miamba mingi ya dhahabu ina madini ya chuma na kiberiti, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Na mingine ina arseniki, sumu inayojulikana tangu kale.

Tazameni basi mabaya yake kwa mti. Mchanga huo umesagwa mwembamba kama unga, kwa hiyo huziba hewa na kuganda. Tena waweza kuwa na tindikali na chumvi za kuunguza mizizi. Lakini mabaya yake kwa watu ni makubwa zaidi. Zebaki huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo. Mtu hutetemeka mikono na kusahau mambo. Huwadhuru zaidi watoto, na hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ikiingia katika matope ya mito na ziwa, viumbe vidogo huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki, na kutoka katika samaki huingia kwetu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa huo ulitambulikana mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Kwa ukumbusho wa mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013 ya kupunguza zebaki, na Tanzania ikayaridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo nawasihi: msitie mchanga wa makarasha, wala wa mialo, wala marudio, katika viriba, bustani za mboga, au viwanja vya watoto. Msichote mchanga wa mto chini ya mahali wanapooshea dhahabu. Pandeni juu zaidi, au tumieni luseni. Na kama viriba vimekwisha kujazwa, visimwagwe shambani. Watu wazima wavirudishe mahali ulipotoka mchanga ule, wauloweshe kwanza ili vumbi lisiruke, kisha wanawe mikono na kufua nguo zao. Wamuulize pia Afisa Madini mahali panaporuhusiwa kuuweka. Sisi tulifanya hivyo, tukiona haya, lakini heri haya ya siku moja.

KIASI CHA KUCHANGANYA

Penye udongo mwekundu au udongo tifutifu: makarai matatu ya udongo, mawili ya samadi iliyooza, na moja la mchanga mnene au chenga za matofali. Penye luseni: makarai matatu ya luseni, moja la mbuga au la kichuguu, na mawili ya samadi. Penye mbuga tupu: karai moja la mbuga, mawili ya mchanga mnene, moja la chenga za matofali, na mawili ya samadi. Samadi iwe ya zizini, iliyokaa mpaka haina joto wala harufu kali, maana samadi mbichi huunguza mizizi.

Hapo Uingereza, kabla ya vita vya mwaka 1939, mafundi wa chuo cha bustani cha John Innes walijaribu vipimo vingi, wakakubali kimoja chenye sehemu saba za udongo tifutifu, tatu za mboji ya kinamasi, na mbili za mchanga mnene, pamoja na chokaa na mbolea kidogo. Vitu vyao si vyetu, lakini shabaha ni moja: kitu cha kushika, kitu cha kufungua, na kitu cha kulisha.

Usijaze viriba vyote kabla ya kujaribu. Jaza kimoja, kigongegonge kidogo, utie maji. Yakisimama juu muda mrefu, ongeza mchanga mnene au chenga. Yakitoka chini mara moja na udongo ukabaki mkavu, ongeza mbuga au samadi. Kesho yake toa udongo uufinye mkononi: ukishikamana kama tonge, kisha ukavunjika ukiubonyeza kwa kidole gumba, umepata. Ukibaki tonge, ni mzito. Ukimwagika, ni mwepesi mno.

Huenda mtu akauliza, “Kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya mche mmoja?” Nami namjibu kwamba mche ukitoka kitaluni na mizizi mizima hupata nguvu ya kuvumilia miezi mikavu ya Shinyanga, ukitoka na mizizi iliyooza hautafika Agosti. Nchi hii ilikatwa miti mingi, kwanza ili kufukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, kuni na malisho. Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, iliyodumu mpaka mwaka 2004. Mwanzoni ilitia nguvu katika vitalu na kugawa miche. Baadaye watu walirudia desturi yao ya ngitili, na miti ikaota yenyewe katika ardhi waliyoihifadhi, mamia ya maelfu ya hekta. Basi tusidhani kwamba kiriba ndicho njia ya pekee. Palipo na visiki hai, hifadhini ngitili. Lakini mwembe wa nyumbani, kivuli cha shule, na mti uliokwisha kutoweka kabisa mahali pake, hivyo havirudi bila kitalu.

Shule ile ilijaza viriba tena mwaka uliofuata, kwa luseni, mbuga na samadi. Safari hii yule mzee mchimbaji ndiye aliyesimamia mchanga, naye aliusugua kila mzigo kati ya vidole vyake kabla ya kuukubali. Mimi niliandika hesabu kama kwanza, ila kabla ya kuandika nambari ya viriba niliuliza swali ambalo yafaa kila mwalimu na kila mwenye kitalu aliulize: “Mchanga huu umetoka wapi?”